Kiangazi kitupu, kiangazi tele: kisa cha mtafuta malkia wa sisimizi katika jangwa la Sonora

Mkazi mmoja wa pembezoni mwa Tucson, Arizona, alitaka kufuga sisimizi wavunaji: wale wakubwa wenye rangi ya kutu, wa jenasi ya Pogonomyrmex, ambao huokota mbegu na kufyeka majani yote kuzunguka mlango wa kiota chao mpaka panabaki uwanja mtupu. Koloni la sisimizi hawa haliwezi kuanzishwa kwa kukusanya wafanyakazi. Anatakiwa malkia, tena malkia aliyekwisha kupandwa na madume lakini ambaye bado hajaanza familia. Kiangazi chote cha 2020 mtu huyu alizunguka na kurudi mikono mitupu. Julai ya 2021, alasiri moja, aliwakuta wengi kuliko vichupa alivyobeba.

Eneo lilikuwa lile lile. Yeye mwenyewe alihitimisha kwamba mwaka wa pili macho yake yalikuwa yamezoea. Nimepitia maelezo yake, picha zake na tarehe alizoandika, na sikubaliani naye. Macho yalisaidia kidogo. Kilichobadilika ni udongo.

Mwaka wa kwanza

Alianza Mei, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Hawa ni sisimizi wa jangwani, alijisemea, basi joto likizidi ndipo watakapochangamka, na wakichangamka malkia nao watatoka. Kwa hiyo kadiri Juni ilivyozidi kuchoma ndivyo naye alivyozidi kutoka. Katika mwezi huo wastani wa joto la mchana Tucson hukaribia nyuzi 38 za sentigredi, na hicho ni kipimo cha kivulini. Ardhi tupu yenyewe, jua likiwa utosini, hupita nyuzi 60. Hata wafanyakazi wa Pogonomyrmex, wavumilivu kama walivyo, hukatisha shughuli saa hizo na kurudi chini. Malkia mchanga akitua hapo saa saba mchana hana muda mrefu wa kuishi. Wengi wa viumbe wa jangwa la joto hawalipendi joto hata kidogo. Wanachojua ni kulikwepa, na mtafutaji huyu alikuwa akitembea katika saa ambazo kila mwenye akili alikuwa chini ya ardhi.

Alipoona mchana hautoi kitu, akahamia usiku. Alitandaza shuka jeupe ukutani, akawasha taa, akangoja. Njia hii si mbaya, na nitairudia baadaye, ila ilimletea furaha ya bure. Alinasa kiumbe kirefu chenye mbawa, mwili kama wa nyigu, akakishangilia kama malkia. Picha inaonyesha wazi kwamba ni dume wa Neivamyrmex, jamaa wa siafu. Aliyekaa Afrika Mashariki anawajua madume wa siafu, yale madudu mazito ya kahawia yanayojigonga kwenye taa. Huyu ni wa ukoo huo huo. Malkia wa kundi hili hana mbawa maisha yake yote, kwa hiyo kwenye taa hutampata kamwe. Na kwa sisimizi kwa jumla, dume hutambulika kwa kichwa kidogo, macho makubwa yanayojaza kichwa hicho, na taya hafifu. Malkia ana kichwa kipana cha kazi na kifua kilichotuna kwa misuli ya mbawa.

Hatimaye akachimba. Alichagua kiota kikubwa cha wavunaji akashuka mpaka jembe likagonga tabaka gumu la chokaa iliyoganda, ambalo ni la kawaida katika udongo wa Sonora. Alikuta maghala ya mbegu, mabuu, na wafanyakazi waliomchoma vibaya. Malkia hakumwona. Kiota kilichokomaa cha wavunaji hawa kinaweza kushuka zaidi ya mita mbili, na mahali pa malkia ni chini. Hata angempata, angekuwa ameshika mzee: malkia wa Pogonomyrmex barbatus anaweza kuishi miaka 15 hadi 20 na zaidi, ni mmoja tu ndani ya kiota, na akitolewa hakuna wa kumrithi. Wafanyakazi huisha mmoja mmoja mpaka kiota kinakufa. Katika yote aliyofanya 2020, hili ndilo pekee ninalolihesabu kuwa kosa kweli. Mengine yalimpotezea muda wake tu.

Mwishoni mwa Juni aliona kitu kilichomtia moyo: sisimizi wenye mbawa wamejikusanya mlangoni mwa kiota kingine, wanachungulia, wanarudi ndani. Akawa anakaa karibu yao kila jioni. Hawakuruka. Hapa watafutaji wengi hukosea kusoma dalili. Wenye mbawa, yaani malkia wachanga na madume, hukuzwa mapema, huwa tayari kabla ya siku yao ya kuruka kwenda kupandana, kisha hungoja. Kuwaona mlangoni kunakwambia kwamba koloni limekomaa, kwa maana koloni la P. barbatus huanza kutoa wenye mbawa likifikisha miaka kama mitano, na kwamba viota vya jirani pengine navyo viko tayari. Siku yenyewe hakukwambii. Siku hutajwa na mvua, na mwaka ule mvua ilikuwa imegoma.

Tarakimu za mvua

Jangwa la Sonora lina misimu miwili ya mvua. Ya wakati wa baridi hunyesha taratibu kati ya Desemba na Machi. Ya kiangazi ni monsuni, inayokuja na radi, dhoruba fupi na mafuriko ya ghafla. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huhesabu monsuni kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, ingawa Tucson kwa kawaida husubiri mpaka mapema Julai ndipo ipate mvua za kweli. Mwaka 2020 msimu mzima uliipa Tucson milimita 41 hivi, kiasi kilichouweka miongoni mwa misimu mikavu kabisa iliyowahi kupimwa hapo. Phoenix ilipata milimita 25 tu, na mwaka huo ilihesabu siku 53 zenye joto la nyuzi 43 au zaidi. Kisha 2021 ikageuka: Julai peke yake iliipa Tucson milimita 205, mwezi wa mvua nyingi kuliko wowote katika kumbukumbu za mji huo, na msimu mzima ukafikisha takriban milimita 325.

Weka tarakimu hizo kando ya daftari la mtafutaji, na jibu linajitokeza. Saa alizotembea 2020 zilizidi za 2021 mara nyingi. Mwaka wa ukame aliweka jasho na akakosa. Mwaka wa mvua aliweka alasiri moja na akapata. Msomaji aliyekulia mahali penye kumbikumbi hahitaji maelezo marefu hapa: mvua nzuri ya kwanza inanyesha, na kumbikumbi wanamiminika kutoka ardhini kana kwamba wameitwa. Kumbikumbi ni mchwa, ukoo ulio mbali sana na sisimizi, na maisha yao ya ndoa ni tofauti, kwani mchwa dume hubaki na malkia wake ilhali dume wa sisimizi hufa muda mfupi baada ya kupanda. Lakini utegemezi wao kwa mvua unafanana.

Swali la maana zaidi ni kwa nini. Mtu akijua kwa nini, anaweza kukisia siku na mahali hata penye mvua za wasiwasi.

Malkia, ngozi yake na shimo lake

Malkia wa P. barbatus, au wa spishi ya jirani P. rugosus, akishapandwa huvunja mbawa zake, huchimba, hujifungia ndani, na hali kitu mpaka wafanyakazi wa kwanza watoke. Anaishi kwa mafuta aliyobeba mwilini na kwa misuli ya mbawa isiyo na kazi tena, ambayo mwili wake huiyeyusha na kuigeuza chakula cha mabuu. Chakula basi anacho. Tatizo lake ni maji.

Gamba la nje la sisimizi limepakwa nta nyembamba inayozuia maji kutoka mwilini. Malkia ambaye bado ana mbawa hajawahi kuchimba, na nta yake ni nzima. Anapochimba, mchanga unamkwaruza na nta inachubuka. Vipimo vya maabara kwa malkia wa jangwani vimeonyesha kwamba waliokwisha kuchimba hupoteza maji kwa kasi kuliko wale ambao hawajachimba. Yaani kazi ile ile inayompa makazi ndiyo inayomkausha. Kwenye udongo mkavu hesabu hii haina njia ya kutoka: shimo linaporomoka, anachimba tena, anakwaruzika tena, na jua la kesho linamkuta karibu na uso wa ardhi. Kwenye udongo uliolowa mpaka chini, chembe zinashikana, shimo linasimama, anashuka upesi mahali ambapo joto la mchana halimfikii, na hewa ya chumba chake inabaki na unyevu wakati wote anaolea mayai.

Ndiyo maana mvua ya kulaza vumbi haiwatoi. Ndiyo maana pia kuruka mara nyingi hutokea mvua ikiisha, siku hiyo hiyo au kesho yake, upepo ukiwa umetulia na jua limerudi, kuliko wakati wenyewe wa dhoruba. Kipimo changu ni kijiti. Nikikichomeka ardhini kikaingia bila kulazimishwa, na udongo ukitoka nacho ukiwa na rangi ya giza na unafinyangika, naendelea na safari. Kikigota, nafanya shughuli nyingine.

Jambo ambalo mgeni wa Sonora hulisahau ni jinsi monsuni inavyobagua. Wingu moja linaweza kumwaga maji upande huu wa barabara na kuacha upande wa pili una vumbi. Utabiri wa mji mzima hausaidii sana kwa kazi hii. Kaunti ya Pima, ambamo Tucson imo, ina mtandao wa vipima mvua ambavyo takwimu zake mtu yeyote anaweza kuziangalia, na kwa anayetafuta malkia hivyo vina thamani kuliko jembe na taa kwa pamoja. Mtafutaji wetu alianza kuvitumia 2021, kwa sababu nyingine kabisa: alikuwa anaogopa mafuriko. Ukiniuliza, hicho ndicho kitu pekee alichobadilisha mwenyewe ambacho kilichangia.

Udongo wenyewe nao hutofautiana. P. barbatus huelekea kupenda udongo mzito wenye mfinyanzi, P. rugosus ule wa changarawe na mchanga zaidi. Kwa hiyo mvua ile ile ikinyesha bondeni na mlimani, mtu atakuta spishi mbili tofauti, na akikosa moja asidhani kwamba siku imeharibika.

Alasiri yenyewe

Siku aliyopata, dhoruba ilikuwa imenyesha usiku na kurudia asubuhi. Mchana ukafunguka. Kama saa kumi alasiri alikuwa kwenye kipande cha ardhi tambarare kando ya barabara ya udongo, akaona wingu la sisimizi wenye mbawa linazunguka karibu na ardhi, na chini yake mafundo ya miili iliyong'ang'aniana.

Aliangukia uwanja wa kupandana. Spishi kadhaa za Pogonomyrmex hufanya hivi: madume kutoka viota vingi huruka hadi mahali pamoja, hutoa harufu kutoka kwenye tezi za taya, na majike huifuata harufu hiyo. Mtafiti wa sisimizi Bert Hölldobler alieleza viwanja hivi kwa kina katika miaka ya 1970, kusini-mashariki mwa Arizona. Mambo mawili katika maelezo ya tabia hii hayaachi kunishangaza. Kwanza, uwanja hubaki ule ule mwaka hadi mwaka, ingawa kila mshiriki ni mgeni aliyezaliwa msimu huo na madume wa mwaka jana walikwisha kufa wote. Pili, spishi zinazoishi pamoja hugawana saa: nyingine huruka kabla ya mchana, nyingine alasiri, hivyo hazigongani. Jike hupandwa na madume kadhaa, na akishatosheka hukwaruza sehemu za mwili wake zitoe mlio mwembamba unaowaashiria madume wamwachie. Kisha huruka kwenda zake, au hutembea.

Mtafutaji alifurahi akaanza kuokota pale pale, katikati ya vurugu. Wengi aliowachukua walikuwa bado na mbawa. Matokeo ya kufanya hivyo yalionekana baadaye. Ilimpasa asogee pembeni na kusubiri, kwa sababu anayetakiwa ni yule aliyeondoka uwanjani kwa hiari yake, akatua kwingine, akavunja mbawa, na sasa anatembea haraka akinusa ardhi. Hata hapo mbawa kutokuwapo si cheti. Jike ambaye hajapandwa anaweza kuvunja mbawa akisumbuliwa au akifungiwa muda mrefu. Mwendo unasema zaidi: aliyepandwa anatafuta pa kuchimba na hajali kitu kingine.

Alipoanza kurudi kwenye gari ndipo alipowapata walio bora, na hakujua kwa nini walikuwa wengi hapo. Walikuwa kwenye lami. Sababu ni rahisi: malkia akitua kwenye udongo laini huzama mara moja, na baada ya muda mfupi kilichobaki ni tundu dogo na rundo la chembechembe za udongo mbichi pembeni. Akitua kwenye lami au saruji hana pa kuchimba, kwa hiyo anatembea, anatembea, na rangi yake inaonekana dhidi ya ile nyeusi. Barabara ndogo, maegesho, njia za miguu kando ya makorongo makavu, hata mabwawa ya kuogelea ambamo wengine huangukia, vyote vinafanya kazi ya nyavu. Anayetaka kutafuta porini kwenyewe atazame yale marundo madogo ya udongo mbichi kwenye ardhi tupu iliyo wazi. Atakuwa na saa chache tu, maana upepo na jua vikifika marundo yanapotea.

Kuna wanaoona vibaya kumwondoa malkia porini. Kwa mtu anayechukua wawili au watatu kwa ajili yake sioni tatizo, na sababu ni hesabu ya vifo. Kati ya malkia mia wanaoanza, anayefikia kuwa na koloni lililokomaa ni kama mmoja, pengine pungufu. Mijusi, ndege na buibui hula wengi siku hiyo hiyo, na wafanyakazi wa viota vya zamani huwaua malkia wageni wanaotua kwenye eneo lao. Kuchimba kiota kilichokomaa, kama alivyofanya 2020, ni kumwondoa yule mmoja aliyefaulu.

Ndani ya vichupa

Vichupa vyake vilikuwa vya kawaida: maji nyuma, pamba katikati, malkia mbele. Kisha akaviweka chini ya taa ya joto, karibu nyuzi 40, kwa mantiki ile ile ya Mei 2020: wa jangwani, basi apewe jangwa. Wengine walikufa ndani ya siku chache, na ukuta wa kioo ulikuwa na matone ya maji yaliyopanda kutoka kwenye pamba. Malkia mwanzilishi haishi juu ya jangwa. Anaishi chini yake, gizani, kwenye unyevu, mahali ambapo joto halipandi wala kushuka kwa kishindo. Nyuzi 25 hadi 30 zinamtosha, na giza na utulivu vinamfaa kuliko taa yoyote. Kufunguafungua kichupa kumtazama ni njia nyingine ya kumfanya ale mayai yake.

Waliosalia waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza hawakutaga chochote cha maana, na kwa kulinganisha na picha, wengi wao ni wale waliookotwa uwanjani wakiwa na mbawa. Nadhani hawakuwa wamepandwa. Kundi la pili walitaga, mayai yakawa mabuu, mabuu yakawa wafanyakazi wadogo wa kwanza. Hao hawana mjadala.

Kundi la tatu, dogo, linavutia zaidi. Walitaga vizuri, mayai mengi yalionekana mazima, lakini hakuna mfanyakazi aliyetoka. Maelezo ya kawaida ni joto, usumbufu, au ukungu kwenye pamba, na katika kisa hiki naanza na hayo kwa sababu ya ile taa. Hata hivyo kuna uwezekano mwingine ambao ni wa sisimizi hawa hasa. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba katika sehemu za kusini-magharibi mwa Marekani P. barbatus na P. rugosus wana jamii zenye nasaba mbili zinazoishi pamoja. Jike akipandwa na dume wa nasaba yake, watoto wake wa kike wanakuwa malkia. Akipandwa na dume wa nasaba ya pili, wanakuwa wafanyakazi. Anahitaji aina zote mbili. Akiangukia aina moja tu, ile ya kwake, ana mbegu za kiume, ana mayai, ana afya, na koloni hana. Kwa kuwa jike hupandwa na madume kadhaa, wengi huepuka balaa hilo, na ndiyo maana siliweki mbele. Lakini aliyemtoa jike mapema kutoka kwenye uwanja wa kupandana amempunguzia idadi ya madume, na kwa spishi hizi hilo lina gharama ambayo haionekani kwa macho. Kwa sababu hii ningemshauri yeyote anayefuga wavunaji wa eneo hilo achukue zaidi ya malkia mmoja, na kila mmoja akae kichupa chake.

Waliopita bila kuonekana

Aliwatafuta wavunaji tu, kwa hiyo daftari lake limejaa wengine aliowaandika kama "wadogo" au "si wao". Picha kadhaa ni za kumsikitisha mtu. Asubuhi ya siku ile ile, jua likianza kuchomoza, alipiga picha ya malkia wenye rangi ya kahawia na miiba mgongoni chini ya mti wa meskite, ambao ni jamaa wa mathenge. Hao ni Acromyrmex versicolor, wakata majani wa jangwani, ambao huruka asubuhi na mapema baada ya mvua kubwa na kuanzisha viota kwa vikundi, wakitafuta kivuli cha miti. Kila malkia hubeba kidonge cha kuvu kutoka nyumbani kwao ili aanzishe bustani, na kwao mmoja hulazimika kutoka kutafuta majani ya kulisha kuvu hiyo. Ni wagumu kuwafuga, simlaumu kwa kuwaacha.

Jua likizama walitoka Myrmecocystus mexicanus, sisimizi wa asali, walio na rangi ya manjano na wanaofanya shughuli zao usiku. Baadhi ya wafanyakazi wao huvimba matumbo kama zabibu na kuning'inia darini wakiwa ghala hai la chakula. Na usiku, kwenye taa ile ile ya mwaka uliopita, angewapata sisimizi seremala wa jangwani kama Camponotus festinatus, ambao hufuata mwanga. Taa haikuwa wazo baya. Iliwashwa kabla ya mvua tu, na kwa ajili ya spishi inayoruka mchana.

Tena si lazima kungoja Julai. Magharibi zaidi, ambako jangwa ni kavu kuliko Tucson, Veromessor pergandei, mvunaji mweusi anayeng'aa, huruka kuelekea mwisho wa msimu wa baridi, asubuhi jua likishapasha ardhi kidogo. Huyu anafuata mvua ile nyingine, ya taratibu. Mara nyingi malkia wake huchimba pamoja, kadhaa kwenye shimo moja.

Kuhusu hatari sina mengi. Korongo kavu chini ya wingu la mbali si mahali pa kuinamia ardhi, nge wa magome huonekana vizuri kwa tochi ya urujuanimno, na sumu ya Pogonomyrmex maricopa ndiyo kali kuliko ya mdudu yeyote iliyowahi kupimwa kwa panya wa maabara. Malkia wa wavunaji naye ana mwiba.

Sheria ilizuka mwishoni mwa kisa. Eneo alilotafuta lilikuwa nje ya mbuga, jambo la bahati, kwani Mbuga ya Taifa ya Saguaro imeizunguka Tucson mashariki na magharibi, na humo kuokota hata sisimizi bila kibali ni marufuku. Lakini akiwa na malkia waliozidi mahitaji, akataka kumtumia rafiki yake wa New Mexico wawili kwa posta. Kuvusha sisimizi hai mpaka wa jimbo kunahitaji kibali cha wizara ya kilimo ya Marekani, kinachoombwa kwa fomu ya PPQ 526, na kutumia posta ya kawaida hakumwondolei mtu sharti hilo. Wasomaji wa Kenya wanakumbuka watu wanne waliotozwa na mahakama ya Kahawa jijini Nairobi, Mei 2025, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na sisimizi hai bila kibali. Nilimwambia awarudishe waliozidi pale pale alipowatoa, jioni, udongo ukiwa bado mbichi, akiwachomekea tundu la kijiti la kuanzia. Rafiki yake anaishi kusini mwa New Mexico, ambako P. barbatus ni wa kawaida na monsuni hunyesha miezi ile ile. Anachokosa ni kipima mvua kilicho karibu na nyumba yake.